Togwa ya Chuma

Kitu cha kwanza alichokiona Notburga kilikuwa shimo ukutani. Lilikuwa shimo dogo, laini, kama limechotwa kwa kijiko, kwenye ukuta wa udongo wa jiko la nje, na lilikuwa chini, usawa wa mdomo wa mtoto aliyechutama. Alidhani ni panya. Kisha asubuhi moja akamkuta Noela, mtoto wa dada yake, ameegemeza shavu ukutani akilamba taratibu, macho ameyafumba, kama mtu anayekula asali ya wizi.

Notburga hakusema neno. Kusema hakukuwa kazi yake katika nyumba ile ya Mjimwema. Alikuwa ametolewa kijijini Lusewa kuja kumsaidia dada yake Pamela kulea, shule ameiachia darasa la nne, na tangu afike alikuwa akizungumza na mtoto, na kuku, na masufuria. Watu wazima aliwajibu "ndiyo" na "haya", akitazama vidole vya miguu yake. Wakamwita mpole. Hawakujua kwamba anayetazama chini huona mengi, na kwamba mengi aliyoyaona Notburga hakuyaheshimu.

Alimfuta Noela mdomo, akamvuta ngozi ya chini ya jicho. Ndani palikuwa peupe kama utando wa yai. Hapo ndipo alipokwenda kumwambia dada yake, na Pamela akampeleka mtoto kliniki.

Huko waliambiwa mambo ambayo hayakumpendeza mtu. Mtoto ana minyoo. Minyoo imemnyonya damu, na mwili hauna chuma cha kutosha cha kutengenezea damu nyingine. Ndiyo maana anatamani udongo. Wakapewa dawa ya minyoo, wakaambiwa mtoto ale maharage, matembele, dagaa, na maini wakiyapata, kisha arudishwe kupimwa.

"Dagaa!" alisema Leonce, mume wa Pamela, akizunguka uani. "Mtu anasoma miaka yote hiyo, anavaa koti jeupe, halafu anakuambia dagaa! Dagaa hata mama yangu alinipa, na hakuwa na koti."

Leonce alikuwa karani wa ushirika mpaka ushirika ulipopunguza watu, naye akawa wa kwanza kupunguzwa. Kazi ilikwenda, kalamu ikabaki mfukoni mwa shati, na kila asubuhi aliifuta vumbi. Siku hizo kila mtu alikuwa mfanyabiashara. Ruksa ya serikali ya kila mtu kufanya biashara ilikuwa imefika hadi Songea: walimu waliuza sambusa darasani, katekista aliuza mitumba, na aliyekosa cha kuuza alisimama kando ya barabara akiwaonyesha wengine pa kununua. Leonce peke yake ndiye aliyekuwa bado anatafuta wazo linalolingana na elimu yake.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alizoea kusema akijifariji. Alilisema tena siku ile ya dagaa, akatazama juu kama mtu aliyeitwa na malaika. "Uhunzi," alisema. "Pamela! Maji ya mhunzi!"

Upande wa kina Leonce kulikuwa na desturi ya wazee. Mwanamke akijifungua na kupoteza damu nyingi, aliletewa maji ya mhunzi. Mhunzi aliteka maji mapya kwenye chungu kisafi, akachovya jembe lililoiva mpaka likawa jekundu, akalirudisha motoni, akachovya tena, hadi maji yakachemka yenyewe na kugeuka rangi. Mzazi aliyanywa siku ileile, na yaliyobaki yalimwagwa. Ndivyo bibi yake Leonce alivyosimulia, na Leonce, kama kawaida yake, alikuwa amesikiliza nusu. Alikumbuka maji, na alikumbuka mhunzi.

Mhunzi mwenyewe alikuwa Mzee Daimu, mtu wa Tunduru, aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko. Alifua majembe na visu kutokana na springi za malori mabovu. Kando ya fuawe lake palikuwa na nusu pipa la maji ya kupozea vyuma, jeusi, lenye utando wa kutu juu. Alipozea chuma humo, akanawia humo, na kuku wa jirani walikunywa humo. Notburga aliyaona yote hayo akiwa amesimama nyuma ya shemeji yake na ndoo kichwani.

"Ya mzazi?" aliuliza Mzee Daimu. "Nani kajifungua?"

"Hakuna. Nataka ya kuongeza damu, ya kila siku. Ya biashara."

"Yale yana kazi, bwana. Chungu, maji mapya, mkaa mwingi. Siwezi kila siku."

"Na haya je?" Leonce alinyoosha kalamu kuelekea pipani. "Haya si ndiyo yamepita vyuma vingi zaidi?"

Mzee Daimu alilitazama pipa lake. Akamtazama na kuku mmoja aliyekuwa ukingoni, mkia juu. Angeweza kusema neno pale pale.

"Wallahi, chuma kimo," alisema, na hilo lilikuwa kweli. Akaishia hapo kwenye ukweli, kama wanavyoishia watu wanaotaka kulipwa. "Ila ndoo uje na yako."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Togwa ya Chuma. Kuipika ilikuwa kazi ya Notburga. Alipika uji wa mahindi, akauacha upoe, akatia kimea cha ulezi, akaufunika mpaka kesho yake ukawa mtamu wenye ukali kidogo. Hapo Leonce mwenyewe alikuja, amekunja mikono ya shati, akamimina maji ya pipani kwa utaratibu kama padri.

"Shemeji," alisema Notburga siku ya kwanza, sauti ikitoka kama ya mtu aliye ndani ya gunia, "tusiyachemshe pamoja na uji?"

"Chuma hakichemshwi, Notburga. Ukikichemsha kinaondoka na mvuke. Hiyo ni sayansi."

Notburga alitazama mvuke uliokuwa ukipanda kwenye sufuria ya maharage. Akaufuata kwa macho mpaka kwenye mabati, asione hata msumari mmoja ukipaa.

"Haya," alisema.

Jumapili baada ya misa ya pili, Leonce alisimama nje ya uzio wa kanisa na ndoo mbili za plastiki na ubao alioandika mwenyewe kwa mwandiko wa karani: TOGWA YA CHUMA, DAMU NI UHAI. Mbele ya ubao alimsimamisha Noela, amevaa gauni jeupe.

"Mtazameni binti yangu!" alitangaza. "Huyu alikuwa analamba ukuta! Kunywa, mama. Kunywa watu waone."

Noela alikunywa. Alikuwa mtoto mtii, na togwa ilikuwa tamu. Watu wakacheka, wakasogea. Watu wa mjini ukiwaambia kitu ni cha kienyeji wanakunja pua; ukiwaambia ni cha kienyeji na kina sayansi, wanapanga foleni. Zabibu, msusi wa pale stendi, asiyekanyaga kanisani, alikuja kwa ajili ya togwa tu, akanywa kwa sababu alitaka mashavu yang'ae. Mwalimu Saimon alikuja na kikombe chake kutoka nyumbani, maana aliviogopa vikombe vya watu. Kilichotiwa ndani ya kikombe hakukiogopa.

Jumapili iliyofuata mwalimu alirudi, suruali imemlegea kiunoni.

"Bwana Leonce, nimeshinda chooni."

"Hongera, mwalimu. Chuma kinasafisha njia kwanza."

"Na choo chenyewe cheusi!"

"Basi wewe kimekukubali sana. Wengine hawapati bahati hiyo. Kimoja au viwili?"

"Viwili," alisema mwalimu, na Notburga, aliyekuwa akichota, alijaza vyote hadi ukingoni bila kumtazama. Alifikiri: huyu ndiye anayewafundisha watoto wa watu kuhesabu.

Kisha Noela akashikwa na homa.

Ilianza kidogo, ikapanda kila siku kama mtu anayepanda ngazi. Kichwa kilimuuma, tumbo likajaa, hakutaka kula, na alichokunywa hakikukaa. Leonce aliinama kitandani, akamgusa paji la uso, akatabasamu.

"Ni damu mpya. Inapigana na ile ya zamani. Mwongezeeni."

Wakamwongezea. Pamela alishika kikombe, Notburga alishika kichwa. Mtoto alipokunywa, homa haikushuka. Alipotapika, Leonce alisema hicho kilichotoka ndicho kilichokuwa kinamsumbua.

"Dada," alisema Notburga jikoni, "mtoto anaungua. Twende hospitali."

"Shemeji yako anajua."

"Anajua nini?"

Pamela alimgeukia kama amesikia kinu kikisema. "Anajua. Alikuwa karani."

Lakini hata Pamela hakulala vizuri, na asubuhi alijaribu mwenyewe. Notburga aliwasikia kupitia dirishani, akifua.

"Baba Noela, tumpeleke tu. Twende mara moja turudi."

"Wiki hii? Jumamosi nina harusi ya Bwana Leo mwenye mashine ya kusaga. Kaagiza togwa ya wageni wote. Ukinibebesha Noela nikapita naye mjini kwenda hospitali, nani atakunywa? Mtoto ndiye ubao wangu, Pamela. Watu watasema ubao umeanguka."

"Na akizidiwa?"

"Hazidiwi. Anakunywa chuma. Jumatatu nitampeleka mwenyewe, kimya kimya, na baiskeli."

Notburga alikamua nguo mpaka mikono ikamuuma. Aliwahi kumwona mbwa kule Lusewa akificha ndizi ardhini, akizifukia kwa bidii, ingawa mbwa hali ndizi. Sasa alimwona huyo mbwa kuwa na akili kuliko shemeji yake.

Jumamosi Leonce alivaa koti la harusi, akapakia ndoo kwenye mkokoteni. Pamela alivaa kitenge cha sare. Kabla ya kutoka, Leonce aliacha maagizo.

"Kila kengele ya kanisa ikilia, kikombe kimoja. Kile kikubwa."

"Haya."

"Na asitoke nje. Jua si zuri kwa damu mpya."

"Haya."

Kengele ya adhuhuri ililia. Notburga alijaza kikombe, kwa sababu mazoea ni kama mteremko, miguu hushuka yenyewe. Akaketi kando ya kitanda. Noela alifungua macho, akamtazama muda mrefu, midomo imepasuka, ulimi mweupe.

"Shikamoo," alisema mtoto, taratibu, kwa adabu, kama anavyosalimiwa mgeni.

Notburga alikuwa amemlea tangu hajaota meno. Noela hakuwahi kumwamkia hivyo. Alimwita "mama mdogo" na kumrukia. Sasa hakumjua ni nani.

Notburga aliweka kikombe chini. Akatafuta khanga, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka.

Njia ya kwenda mjini ilipita mbele ya nyumba ya Bwana Leo mwenye mashine, na harusi ilikuwa imemwagika mpaka barabarani. Spika zilikuwa zikipiga muziki, turubai limefungwa, na chini ya turubai alisimama Leonce na upawa mkononi, akiwaeleza wakwe wa watu habari za damu. Palikuwa na njia ya nyuma, kupitia mashamba ya mihogo. Ilikuwa ndefu zaidi. Siku nyingine yoyote Notburga angeifuata hata kama ingezungukia kule mbali Hanga, kuliko kupita mbele ya macho ya watu wengi vile. Lakini moto uliokuwa mgongoni mwake ulikuwa umeloanisha gauni lote kwa jasho. Akapita barabarani, katikati ya wacheza ngoma, akiomba njia kwa kiwiko.

"Jamani," ilisikika sauti ya Zabibu, "huyo mgongoni si mtoto wa togwa?"

Upawa wa Leonce ulisimama hewani. Mtu mmoja aliyekuwa akinywa alikiangalia kikombe chake, akakitua chini ya kiti. Notburga hakugeuka.

Hospitalini, nesi aliyempokea alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Saada, mtu wa Tunduru, mikono myepesi, maneno makali. Alimpima mtoto, akamwita daktari, na hawakukawia kumtundikia dripu na kumchoma sindano. Kisha akamgeukia Notburga.

"Mtoto amekula nini? Amekunywa nini? Usinijibu 'chakula'. Chakula hata mbuzi anakula."

Notburga alitazama miguu yake. Kisha akasema, kwanza kwa vipande, halafu kwa mfululizo: ukuta, kliniki, pipa, kuku, uji uliopoa, vikombe vya kengele. Saada alisikiliza mdomo wazi.

"Astaghfirullah. Na mliendelea kumpa akiwa na homa?"

"Kwa sababu hana damu, Sista. Kliniki walisema hana chuma."

"Na ni kweli hana. Kliniki hawakukosea." Saada alivuta stuli, akaketi. "Sikiliza, mwanangu. Chuma ni chakula cha damu. Mtoto bila chuma anakuwa mweupe, mchovu, analamba kuta. Lakini si sisi tu tunaokitaka. Vijidudu vya homa hii ya matumbo navyo vinakitaka. Bila chuma havizaani vizuri. Kwa hiyo mtu akiugua, mwili wake unakificha chuma. Wewe mgeni mlafi akija kwenu, unga unauweka wapi?"

"Uvunguni."

"Ehe. Mwili wa huyu mtoto umejitahidi kuficha unga uvunguni, na nyinyi mkaja mkautandika mezani. Tena mgeni mwenyewe mmemleta nyinyi, kwa ndoo, kutoka kwenye pipa la kuku!"

"Kwa hiyo chuma ni kibaya?"

"Nani kasema? Kwanza tunamfukuza mlafi. Akishaondoka, homa ikaisha, tutampa mtoto chuma chake, kwa kipimo, pamoja na dagaa na maharage. Kila kitu na zamu yake." Alisimama. "Huyu akibaki hapa na hii dripu na sindano, atapona, inshallah. Akitolewa leo, utumbo unaweza kutoboka, na hapo sitaki kukudanganya. Asitoke. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Jua lilipoanza kushuka, benchi la nje lilianza kujaa. Walikuja kwa aibu, mmoja mmoja: Mwalimu Saimon, amejikunja, Zabibu, kilemba kimefungwa vibaya, mwanamke wa kwaya na mumewe. Kila mmoja alisema ana malaria. Saada aliwatazama, akamtazama Notburga, akaenda kutafuta vikopo vya kupimia choo.

Ndipo Leonce alipoingia wodini na koti lake la harusi, Pamela nyuma yake akilia chinichini. Hakumtazama mtoto kwanza. Alitazama mlango, kama umefungwa. Haukuwa umefungwa, na watu wa benchi walikuwa wamenyoosha shingo.

"Sista, nashukuru sana," alisema kwa sauti ya ofisini. "Huyu binti ni wa kijijini, ameshtuka bure. Mtoto ana malaria ndogo tu, dawa ipo nyumbani. Tunaondoka naye."

"Nimeambiwa kanywa maji ya mhunzi," alisema Saada.

"Nani, Noela?" Leonce alicheka. "Huyu hanywi kitu ila maziwa."

Nje, Mwalimu Saimon aliinua kichwa. Alikuwa amemwona Noela akinywa, Jumapili kwa Jumapili. Akainama kufunga kamba za kiatu. Zabibu alitazama kucha zake. Wote walikuwa wameuona ule ubao, wote walikuwa wameshika matumbo yao, na hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kwanza kukiri alikunywa nini.

"Mnaona?" alisema Leonce, akanyoosha mkono kwenye mpira wa dripu. "Notburga, nipe mtoto."

Notburga alikuwa ameketi kitandani, kichwa cha Noela mapajani. Hakusogea. Aliweka kiganja chake juu ya sindano iliyokuwa mkononi mwa mtoto, akakiacha hapo.

"Nipe mtoto nimesema."

"Haondoki."

"Nini?"

"Mtoto haondoki, shemeji. Akiondoka atakufa."

Pamela aliacha kulia. Alimtazama mumewe, kisha akamtazama mdogo wake, kama mtu anayepima mizigo miwili. Akapita kando ya koti la harusi, akaketi upande wa pili wa kitanda, akaishika miguu ya mwanawe kwa mikono yote miwili. Sasa aliyetaka kumtoa Noela angelazimika kumtoa na mama yake.

Leonce alibaki amesimama peke yake, kalamu mfukoni, mkono hewani. Aibu ikamgeukia kuwa hasira, na hasira ikatafuta aliye mdogo.

"Ala! Kumbe bubu ana mdomo! Nimekulisha, nimekuvisha, nimekutoa Lusewa huna hata ndala. Haya, endelea basi, mama daktari wa darasa la nne. Sema yote, watu wako hao wanasikia. Una nini kingine moyoni?"

Alikuwa na hakika hatajibu. Hata watu wa benchi walikuwa na hakika. Notburga aliinua macho kutoka miguuni mwake, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile akamtazama shemeji yake usoni, wala sauti haikutoka ndani ya gunia.

"Nakudharau," alisema. "Si leo tu. Tangu siku ya kwanza."